Elizabeth wa Toro: Sura ya Mwigizaji na Mkono wa Dola

Historia ya waigizaji wa kike wa karne ya 20 haitenganiki na historia ya dola. Katika Urusi ya Kisovieti studio zote zilikuwa mali ya serikali. Tatiana Samoilova alisifiwa duniani baada ya filamu ya Korongo Wanaruka kupata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1958, lakini wakubwa wa sinema nchini mwake hawakumruhusu kwenda kuigiza Hollywood. Je, hali ilikuwaje kwetu, ambako dola haikumiliki studio?

Mfano mmoja uko ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Kivu Kaskazini na Uganda. Elizabeth Bagaya, binti wa Rukidi III, mfalme wa Toro, alisoma Cambridge, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili nchini Uingereza. Mwaka 1967, falme za Uganda zilipofutwa, aligeukia kazi ya kuonyesha mavazi, kisha filamu. Katika Bullfrog in the Sun, iliyotokana na riwaya mbili za Chinua Achebe, binti huyu wa mfalme aliigiza Clara, msichana wa ukoo uliotengwa.

Februari 1974 Idi Amin alimteua Waziri wa Mambo ya Nje. Novemba akamfukuza, akimzulia mwenendo wa aibu katika uwanja wa ndege wa Paris. Uzushi huo ulipata masikio kwa sababu umma ulikuwa umezoea kumtazama pichani kuliko kumsikiliza. Uzuri uliompa jina sasa ukageuzwa ushahidi dhidi yake. Mwaka 1975 alikimbilia Kenya. Baadaye alishtaki magazeti kadhaa ya Ulaya yaliyoeneza kashfa hiyo, akashinda.

Mwaka 1984 alirudi kwenye sinema katika Sheena, iliyopigwa Kenya. Wakili na waziri wa zamani alipewa nafasi ya mganga anayemlea yatima wa Kizungu. Miaka miwili baadaye akawa balozi wa Uganda nchini Marekani.

Filamu zake ni chache, lakini zinatufunza jambo. Amin hakuhitaji studio ili aitawale sura ya mwigizaji. Alihitaji uvumi tu na watu wa kuuamini. Kilichomrudishia Elizabeth heshima yake ni elimu ya sheria, wala si kamera.