Tundu Lisilopaswa Kuzibwa: Historia Fupi ya Upasuaji wa Ngiri ya Kando ya Stoma

Makala haya yanafuatilia namna madaktari walivyokabiliana na ngiri inayotokea kando ya stoma, yaani tundu linalotobolewa kwenye ukuta wa tumbo ili kinyesi kitokee hapo. Hoja kuu ni kwamba tiba ilichelewa kwa kuwa ngiri hii ilitibiwa kama nyinginezo. Ngiri ya kawaida huzibwa tundu lake. Tundu la stoma halina budi kubaki wazi.

Tatizo lilikua pamoja na mafanikio. Mwaka 1908, Ernest Miles wa London alieleza upasuaji wa kuondoa saratani ya mwisho wa utumbo mpana. Waliopona waliishi na stoma maisha yao yote, na kadiri walivyoishi ndivyo ngiri ilivyozidi kuonekana.

Tiba ya awali, aliyoieleza Thorlakson mwaka 1965, ilikuwa kukaza ukuta wa tumbo kwa nyuzi. Nyuzi hizo zilishikilia tishu zilezile zilizokwisha kulegea. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa ngiri ilirudi kwa takriban wagonjwa 7 kati ya 10.

Wavu wa plastiki ulileta matumaini. Hata hivyo, wavu uliotobolewa katikati ili utumbo upite ulibaki na udhaifu, kwani tundu hilo nalo hupanuka. Mwaka 1980, Paul Sugarbaker wa Marekani alieleza njia ya kutoutoboa: utumbo ulilazwa kando ya ukuta wa tumbo, kisha ukafunikwa kwa wavu mzima. Katika upasuaji wa kamera, mapitio yale ya 2012 yalikuta ngiri ikirudi kwa wagonjwa 12 hivi kati ya 100 kwa njia hiyo, dhidi ya 35 kwa wavu wenye tundu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kinga. Jaribio la Sweden la mwaka 2004 liliunga mkono kuweka wavu siku stoma inapotengenezwa, na miongozo ya Ulaya ikaupendekeza. Jaribio kubwa zaidi la nchi hiyohiyo, lililochapishwa mwaka 2019, halikuona tofauti.

Kwa Afrika Mashariki, historia hii ina onyo. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kuwa wavu wa bei nafuu, wa aina ya chandarua, hufaa kwa ngiri ya kinena. Ushahidi huo usihamishiwe kwenye stoma, ambako wavu hugusana na utumbo. Unafuu wa bei ni hoja nzito ya kisera. Hauchukui nafasi ya jaribio.