Bima ya Waliovuka Mpaka

Wanaume wa kwetu Mollo walianza kuondoka zamani: wengine machimbo ya dhahabu ya Lupa, wengine mashamba ya mkonge Tanga, na wengine wakapitia Abercorn, Mbala ya leo, kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Babu yangu alikwenda huko kwenye shaba. Bima yake ilikuwa ng'ombe aliowaacha kwa mdogo wake. Angefia mgodini, bibi na watoto wasingelala njaa.

Baba, mwalimu, alikata bima yenye hati. Aliikata kwa Shirika la Bima la Taifa, lililoundwa 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likakabidhiwa biashara ya bima nchini. Mchango wa baba ulikatwa kwenye mshahara. Alipohamia Zambia mshahara ulikoma, makato nayo yakakoma, na bima isiyolipiwa hupoteza nguvu. Linaloniuma zaidi ni fedha yenyewe: malipo yaliandikwa kwa shilingi, nayo shilingi ilishushwa thamani sana mwaka 1986. Ng'ombe wa babu walikuwa wanazaa.

Binti yangu alipopata kazi Lusaka, tuliisoma hati yake ya bima mstari kwa mstari: mrithi nani, malipo kwa sarafu ipi, mchango utapitia benki gani.