Nesi wa Akili Si Mbeba Funguo

Wasee, kuna utani mmoja Nairobi haujawahi kuisha. Ukiongea peke yako kwa matatu, mtu anasema, "Huyu apelekwe Mathari." Tunacheka. Lakini ukifika huko kweli, daktari atapita, aandike, aende. Anayebaki na wewe saa nane usiku ni nesi. Leo tuongee kuhusu huyo nesi, na vile kazi yake ilikuja kuhesabika kuwa ubingwa.

Zamani hospitali za akili zilikaribiana sana na jela. Hata hiyo ya Nairobi, mkoloni aliifungua 1910 kama nyumba ya "wendawazimu". Marekani walianza kufunza manesi wa akili 1882, katika hospitali ya McLean kule Massachusetts, lakini kwa miaka mingi kazi ilibaki ileile: osha, lisha, funga mlango. Kukaa chini uongee na mgonjwa hadi umwelewe? Hiyo ilikuwa ya daktari.

Sasa anaingia Hildegard Peplau. Alizaliwa Pennsylvania 1909. Akiwa na miaka 9 aliona ile homa kali ya 1918 ikifanya watu waweweseke hadi wengine wakaruka madirishani. Akasomea unesi, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akahudumia Uingereza, kwenye hospitali ya wanajeshi waliovurugwa akili na vita. Huko aliona kitu: namna unavyoongea na mtu inaweza kumrudisha au kumzamisha.

Akaandika kitabu. Alikimaliza 1948, kikatoka 1952. Mbona miaka yote hiyo? Kwa sababu nesi kuchapisha kitabu bila jina la daktari kando yake ilionekana ni kujipandisha sana.

Na alichosema si ati "manesi wawe wapole". Alisema uhusiano wa nesi na mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe, na unaweza kufundishwa. Wanafunzi wake waliandika mazungumzo yao na wagonjwa neno kwa neno, kisha yanachambuliwa: hapa ulimkatiza, hapa uliogopa kimya, hapa ulijibu swali ambalo hakuuliza.

Mwaka wa 1954, katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, akaanzisha masomo ya uzamili ya kutoa manesi bingwa wa afya ya akili. Hii ndiyo sehemu naipenda zaidi. Kabla ya hapo, nesi akiwa mkali kazini, zawadi yake ilikuwa kutolewa kwa mgonjwa: anapewa ofisi, au anapelekwa kufundisha. Peplau alifungua njia ya kupanda cheo ukiwa bado kando ya kitanda. Unafanya tiba ya mazungumzo, unaelekeza manesi wengine, unakaa na familia, unashauri wodi nzima.

Mwaka huohuo, 1954, hapa kwetu J.C. Carothers, daktari aliyekuwa amesimamia Mathari kwa miaka mingi, aliandikia serikali ya mkoloni kitabu cha kueleza Mau Mau kama shida ya akili ya Mwafrika. Watu wanadai ardhi, yeye anapima vichwa. Weka hao wawili kando kwa kando. Mmoja anafundisha manesi kusikiliza kabla ya kumpa mtu jina la ugonjwa. Mwingine ana jina tayari.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo siko hapa kumpigia mtu debe la digrii. Lakini ile wiki niliamua sirudi darasani, kila mtu aliniuliza nitawaambia nini wazazi. Nesi wa zahanati ndiye pekee aliyeniuliza, "Unalala?" Halafu akanyamaza angoje jibu. Wengi tunadhani hiyo ni roho nzuri tu. Ni roho nzuri, sawa, lakini pia ni kazi yenye shule na historia.

Hapa Kenya unaweza kusomea uuguzi wa afya ya akili KMTC, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina uzamili wake. Shida huanza ukimaliza. Si jambo geni nesi aliyesomea akili kupangiwa wodi ya uzazi au chumba cha dawa, kwa sababu kwa karatasi nesi ni nesi. Hapo tunarudi kulekule kabla ya 1954: tumemfundisha mtu kusikiliza, halafu tunamtoa kwa anayehitaji kusikilizwa.

Kwa hivyo MCA wako akija kuomba kura, usimuulize tu kuhusu barabara. Muulize hospitali ya kaunti ina manesi wangapi wa akili, na leo hii wako wodi gani.