Sohar: Marikebu ya Kushonwa Iliyofika Guangzhou

Mwezi Julai 1981, marikebu ya Sohar, chini ya nahodha Tim Severin, ilitia nanga Guangzhou, bandari waliyoizoea wafanyabiashara Waarabu tangu enzi ya Tang. Ilikuwa imeng'oa nanga Maskati Novemba 1980.

Sohar ilijengwa Sur kwa namna ya kale. Mbao zilitobolewa kingoni, zikashonwa kwa kamba za usumba, pasipo msumari hata mmoja. Mshono una hekima yake: chombo kipigwapo na wimbi hunyumbuka, hakipasuki. Nje hupakwa deheni ya chokaa na shahamu, kinga dhidi ya wadudu walao mbao.

Lakini washonaji ilibidi waletwe kutoka visiwa vya Lakshadweep, India, kwani Sur yenyewe, mji wa mafundi wa majahazi, ilikuwa imeisahau kazi hiyo. Nasi wa Pwani hatuna la kujivunia: mtepe wa Lamu, nao wa kushonwa, umetoweka baharini. Boti za leo za faiba hutolewa katika kalibu, hazimhitaji mshonaji.

Sohar sasa imewekwa nchi kavu, Maskati. Mwendapo kuzuru jamaa, wapelekeni watoto wakauone mshono.