Nani amemwandikia? Wanawake wa hip hop, mistari yao na umoja wao

Kila tunapopiga wimbo wa msichana anayechana, hukosi kusikia mtu akiuliza: nani amemwandikia mistari hii? Akichana mvulana, swali hilo ni nadra. Swali la pili huja nyuma yake: mbona hawa akina dada kila siku wana bifu? Maswali hayo mawili yana umri karibu sawa na hip hop yenyewe, na majibu yake yako New York, Marekani, ambako muziki huu ulizaliwa. Tumeandika makala hii kwa ajili ya wanaotusikiliza na wangependa kujua mambo yalianzaje.

Siku inayotajwa kuwa ya kuzaliwa kwa hip hop ni tarehe 11 Agosti 1973. Mahali ni jengo la makazi namba 1520, barabara ya Sedgwick, mtaa wa Bronx. Wengi humkumbuka aliyepiga santuri usiku ule, DJ Kool Herc. Wachache humkumbuka dada yake, Cindy Campbell, ambaye ndiye aliyeandaa dansi. Alitaka pesa za kununua nguo za kurudia shule. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Kwa hiyo usiku wa kwanza kabisa wa muziki unaoitwa wa wanaume ulikuwa mradi wa msichana.

Miaka sita baadaye, 1979, mwanamke mwingine, Sylvia Robinson, alitoa santuri ya "Rapper's Delight" kupitia kampuni yake ya Sugar Hill, na hip hop ikatoka mitaani ikaingia redioni. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilirekodi kundi la wasichana watatu kutoka South Carolina, The Sequence. Huko Bronx kwenyewe MC Sha-Rock alikuwa anachana pamoja na wanaume wanne katika kundi la Funky 4 + 1. Huyo "mmoja" wa kujumlisha ni yeye.

Sasa tuje mwaka 1984, maana hapo ndipo maswali yetu yote mawili yanapokutana. Kundi la vijana wa kiume la UTFO lilitoa wimbo kuhusu msichana anayeitwa Roxanne, ambaye kila mmoja wao anamtongoza na yeye anawakataa. Katika Queensbridge, eneo kubwa la nyumba za serikali, alikuwepo binti wa miaka 14 aitwaye Lolita Gooden. Alijipa jina la Roxanne Shanté, akaenda kwa jirani yake Marley Marl aliyekuwa na vifaa vya kurekodi, akawajibu wale vijana kwa niaba ya msichana waliyemsema. Inasimuliwa kwamba alichana papo kwa papo, bila karatasi. "Roxanne's Revenge" ikawa moto. Aliyekuwa anasemwa sasa anasema.

Lakini angalia kilichofuata. UTFO nao walimtafuta msichana wao, wakamwita The Real Roxanne, yaani Roxanne halisi. Sparky D wa Brooklyn akatoa wimbo wa kumjibu Shanté. Wakaja wengine na wengine, hadi santuri za majibu zikahesabiwa kwa makumi. Mwaka 1985 Shanté na Sparky D waliwekwa kwenye santuri moja iitwayo "Round 1", jina la ulingo wa ngumi. Ugomvi ulianza kati ya wanaume na mwanamke, ukaishia kati ya mwanamke na mwanamke, huku wauzaji wa santuri wakihesabu pesa.

Msikilizaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Waliokuwa wakifuatilia taarabu Dar es Salaam miaka ya 1990 wanakumbuka TOT na Muungano, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis Kidogo upande wa pili, mpasho kwa mpasho, na watu wakijaza ukumbi kusikia nani amejibiwa nini. Kurushiana maneno kwa ufundi ni sanaa, wala si dhambi. Hip hop nayo imejengwa juu ya kushindana. Tofauti ni hii: wanaume kumi wakishindana, wote kumi hubaki na kazi. Kwa wanawake, soko limezoea kuweka kiti kimoja tu.

Kiti hicho kina mpaka cheo chake, "first lady", yaani mwanamke wa kwanza wa kundi. Kundi la wanaume huwa na mwanamke mmoja, kampuni husaini mwanamke mmoja, na anayetaka kuingia anaambiwa lazima kwanza amwondoe aliyepo. Bifu nyingi zinazotajwa kuwa ni wivu wa wanawake, ukizichunguza utakuta ni ugomvi wa hicho kiti. Na si maneno matupu. Mwezi Februari 2001 risasi zilipigwa nje ya kituo cha redio mjini New York, kati ya watu wa Lil' Kim na watu wa kundi la Capone-N-Noreaga, ambalo lilikuwa limetoa wimbo na Foxy Brown wenye maneno ya kumchokoza Kim. Mtu mmoja alijeruhiwa. Mwaka 2005 Lil' Kim alifungwa kwa kusema uongo chini ya kiapo kuhusu tukio hilo.

Waliolikataa hilo mapema zaidi ni kizazi cha Queen Latifah. Jina lake la kuzaliwa ni Dana Owens, wa Newark, New Jersey, na hilo Latifah ni Latifa lilelile tunalowapa binti zetu, lenye maana ya upole. Mwaka 1989 alitoa "Ladies First" pamoja na Monie Love, binti wa London. Katika video yake zilionekana picha za wanawake kama Harriet Tubman na Sojourner Truth, waliopigania uhuru wa watumwa, na picha za mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Mwaka 1993 akaja na "U.N.I.T.Y.", wimbo unaokemea kushikwashikwa barabarani, kupigwa na mwanamume nyumbani na kuitwa majina ya matusi. Katika tuzo za Grammy za 1995 wimbo huo ulishinda, na usiku huohuo Salt-N-Pepa walishinda upande wa makundi. Wanawake wa mitindo tofauti kabisa walipata nafasi pamoja, na hapakuwa na aliyepungukiwa.

Mwaka 1997 Lil' Kim aliwaita Missy Elliott, Da Brat, Left Eye na Angie Martinez kwenye wimbo mmoja, "Ladies Night". Kwa maoni yetu huo ndio umoja unaofaa zaidi kuigwa: kila mmoja alikuja na sauti yake, hakuna aliyejifanya mwingine.

Na hapo tunarudi kwenye swali la kwanza, la nani ameandika. Katika hip hop sheria isiyoandikwa ni kwamba mistari iwe yako. Kuchukua mistari ya mwingine ni aibu kuliko kuimba vibaya. MC Lyte, aliyetoa albamu yake "Lyte as a Rock" mwaka 1988, alikuwa anaandika mwenyewe tangu akiwa msichana mdogo. Salt-N-Pepa walianza kwa kuandikiwa na mtayarishaji wao, Hurby Azor. Baadaye Cheryl James, ambaye ndiye Salt, aliandika na kutengeneza mwenyewe "Expression". Missy Elliott ameandika nyimbo nyingi mno, zake na za wenzake, na mwaka 2019 akawa mwanamke wa kwanza wa hip hop kuingizwa katika ukumbi wa heshima wa watunzi wa nyimbo wa Marekani.

Ila jambo hili lina upande mwingine. Lauryn Hill alizoa Grammy 5 usiku mmoja mwaka 1999, ikiwemo ya albamu bora ya mwaka, jambo ambalo hip hop haikuwahi kulipata. Wakati huo wanamuziki wanne walikuwa wameshamshitaki, wakidai walishiriki kutunga na hawakutajwa. Kesi iliisha kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2001. Naye DJ Spinderella, aliyepiga santuri na Salt-N-Pepa kwa miaka mingi, aliwashitaki wenzake mwaka 2019 akidai malipo. Udada ni mzuri, lakini karatasi nayo ina kazi yake.

Kwetu hadithi si ngeni. Kenya ilimsikia Nazizi katika Necessary Noize, na Stella Mwangi, mzaliwa wa Kenya, aliiwakilisha Norway katika mashindano ya Eurovision mwaka 2011 kwa "Haba Haba", wimbo wenye Kiswahili ndani yake. Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa na Zay B na Sister P, na mashabiki hawakukawia kuwapambanisha. Wasichana waliokuja baadaye, kina Rosa Ree na Femi One, wameulizwa maswali yaleyale.

Kama nyumbani kwako kuna binti anayeandika mistari daftarini, mwambie aweke tarehe kila ukurasa na asilitupe daftari. Wakitunga wawili au watatu, waandike kabla ya kurekodi nani ametunga nini na pesa zitagawanywaje, kila mmoja atie sahihi. Kazi ikishakamilika, usajili wa hakimiliki Tanzania uko COSOTA, na Kenya uko KECOBO.