Mwalimu Miongoni mwa Walimu: Kabuku na Jirani Zake

Shule hudhaniwa aghalabu kuwa ni nyumba ambamo watoto hujifunza na wakubwa hufundisha tu. Mwalimu huhesabiwa kama mtungi uliokwisha jazwa chuoni, na kazi iliyobaki ni kumimina. Historia ya elimu katika mkoa wa Tanga haiafiki dhana hiyo.

Mwaka 1888 Kiungani, Unguja, palianza kuchapwa gazeti la Msimulizi, likipeleka habari baina ya walimu wa misheni waliotawanyika bara, wa Magila wakiwamo. Mwaka 1904 shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ilitoa Kiongozi. Mwalimu aliyekuwa peke yake kijijini alipata wenzake kwa njia ya karatasi.

Kabuku imo katika Uzigua, wilayani Handeni, penye mashamba ya mkonge na barabara kuu iendayo Segera. Wilaya jirani ya Korogwe ina chuo cha ualimu. Walakini ulifika wakati ambapo vyuo vya nchi nzima havikutosha. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kila mtoto wa umri wa shule apate nafasi ifikapo 1977. Kuanzia 1976, vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa madarasani kufundisha, huku wakisoma ualimu papo hapo kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa uangalizi wa walimu wazoefu na wakufunzi waliozunguka. Watu wengi waliwabeza, na jina la walimu wa UPE likawa la dharau. Lakini jambo moja lilisahauliwa: shule ya kijiji ilikuwa imefanywa chuo, na mwalimu mzee alipewa wajibu wa kumlea mwalimu kijana. Kampeni ilipokwisha, desturi hiyo haikutunzwa. Semina za mjini zilichukua nafasi yake. Mmoja alikwenda, wengine wakabaki.

Mwanzoni mwa miaka ya 2020 serikali iliirudisha kazi hiyo shuleni kwa mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao MEWAKA. Walimu wa shule moja hufanya jumuiya ya ujifunzaji: huchagua mada inayowatatiza, mmoja huiongoza, wengine huichambua. Mkoa wa Tanga umo pia katika mradi wa Shule Bora, ulioanza 2022.

Hapa ndipo penye mashaka, kwani kikao kimoja huweza kutazamwa kwa macho mawili. Mwalimu mkuu ana ratiba ya kulinda na taarifa ya kupeleka ngazi ya kata. Mwalimu ana vipindi vingi, madaftari ya kusahihisha, na hofu ya kuonekana hajui. Mkuu akikaa kama hakimu, walimu huleta mada wanayoiweza. Muhtasari huandikwa vizuri na somo hubaki lilivyokuwa. Akikaa kama mwanafunzi mwenzao, huthubutu kuleta mada inayowashinda, kama vile hesabu za sehemu, na faida humfikia mtoto.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Waraka huweza kuamuru walimu wakutane, na mahudhurio huweza kuhesabiwa. Uhuru wa mwalimu kusema mbele ya mkuu wake kwamba somo limemshinda hauamriwi. Hutolewa na mkuu mwenyewe, kwa kuanza yeye kuuliza.