UNC-45, mulezi wa motere ya musuli

Mutu anaposukuma chukudu ya makala ku mulima, nguvu inatoka kwa miosini. Hiyo ni proteini, kama motere ndogo sana ndani ya musuli: kichwa chake kinashika uzi wa proteini ingine, aktini, kinavuta, kinaachilia, kinashika tena.

Lakini motere hiyo haizaliwi tayari. Seli inaitengeneza kama kamba ndefu, na kamba inapashwa kujikunja vizuri. Mukia hausumbui sana; shida iko kwa kichwa. Hapo ndipo UNC-45 inaingia, pamoja na mwenzake Hsp90. Zinasaidia kichwa kijikunje sawasawa, kisha zinakiachilia.

Namna gani ilijulikana? Kupitia kamunyoo ka udongo, urefu milimita 1 hivi. Mu 1974, Epstein na Thomson walieleza kamunyoo kenye kasoro: kakikomea ku digrii 15 kanatembea bila shida, ku digrii 25 kanapooza, nyuzi za musuli zimevurugika. Kasoro ilikuwa mu UNC-45. Na ajabu ni hii: UNC-45 ikizidi, nayo inaharibu, miosini inavunjwa.

Binadamu pia iko nayo. Ile ya musuli na moyo inaitwa UNC45B. Mu 2020 madaktari walieleza wagonjwa wenye jeni hiyo imeharibika: musuli zinalegea tangu utoto, polepole. Ugonjwa huu ni wa nadra sana. Mutoto akianguka-anguka, munganga anaanza kutafuta sababu zingine, zile za kawaida.